Tupeane uzoefu: mlijuaje kuwa ni skizofrenia, ule ugonjwa wa akili?

DadaMkubwa: Wakuu, naanza mimi. Mdogo wangu alikuwa na miaka 21, chuo mwaka wa pili. Karudi likizo, akaziba tundu la kitasa kwa kipande cha sabuni, eti majirani wanamchungulia. Redio ikisoma habari anaizima, anasema inamtaja yeye. Mama akasema ni jini. Waganga miezi minane, ng'ombe wawili wakaenda. Kila mganga na mchawi wake. Mmoja alimtaja shangazi, hadi leo hakanyagi kwetu.

Hospitali wakampima malaria, kaswende, VVU, na mkojo kuona kama anavuta bangi. Vyote safi. Nikauliza, "Sasa dokta, kipimo cha ugonjwa wenyewe kiko wapi?" Akasema hakuna, hivyo vilikuwa vya kuondoa magonjwa yanayofanana nao. Akatuhoji saa nzima: ilianza lini, analala, anaoga, kuna ndugu aliyewahi kuugua hivi? Mama akanyamaza, kisha akamtaja mjomba wake, yule tuliyeambiwa siku zote kwamba alifia safarini.

Kipepeo: Kwangu mgonjwa ni mimi mwenyewe. Sauti zilitoka kwenye feni, watu wawili wananisimulia: "Anavaa kiatu. Anatoka." Nilizisikia kwa masikio kama ninavyomsikia mtu yeyote. Ila kilichonimaliza ni kile watu wanachokiita uvivu. Wiki tatu sikuoga, na sikuona tatizo. Haloperidol, dawa niliyopewa, ikanikaza shingo, nikaiacha bila kumwambia mtu, nikarudi kulekule. Siku hizi nachoma sindano ya kila mwezi.

MzeeWaWodi: Nesi mstaafu hapa. Si kila anayeongea peke yake ana skizofrenia. Malaria ikipanda kichwani, bangi, hata uzazi, vinaweza kuleta hali hiyo. Ndiyo maana jina halitolewi siku ya kwanza: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka dalili zidumu mwezi au zaidi, wa Wamarekani unataka miezi 6. Na ile imani kwamba mgonjwa ni "watu wawili ndani ya mtu mmoja" ni ya kwenye sinema, iacheni huko.

Mgeni_Tanga: Kipepeo, hiyo sindano hainenepeshi?

Kipepeo: Kilo sita, mkuu. Suruali zote nimegawa. Lakini usiku nalala na feni ikiwa imewashwa.

DadaMkubwa: Huyu wangu vidonge anavificha chini ya ulimi, nimevikuta chini ya godoro. Kliniki ni Alhamisi, nitaiulizia hiyo sindano.