Ilam, Nepal: njia, chai na iliki nyeusi. Nianzie wapi?

Kilima_Juu:
Habari za humu, wakuu. Nitakuwa Nepal mwezi wa Novemba na nina siku 5 za kwenda Ilam, ile wilaya ya vilimani mashariki kabisa, inayopakana na India upande wa Darjeeling. Naomba wanaoifahamu wanisaidie. Ni rahisi kutokea Kathmandu, au nipitie Darjeeling na kuvuka Pashupatinagar? Uchumi wa kule ni chai tu, au kuna kingine cha kwenda kuangalia? Na iliki nyeusi inayouzwa huko, inafaa kwenye chai ya maziwa kama hii iliki yetu?

Mwenye_Ramani:
Pashupatinagar usijaribu, mkuu. Mpaka ule ni wa Wanepali na Wahindi tu; mwenye pasipoti ya nchi nyingine hurudishwa. Ukitokea Darjeeling itabidi ushuke hadi Siliguri, uvuke mpaka wa Kakarbhitta, kisha uanze kupanda upya. Siku nzima inaishia barabarani.

Ukitokea Kathmandu, panda ndege hadi Bhadrapur, chini ya saa moja angani. Kutoka hapo nenda Charali, ndipo barabara kuu ya Mechi inapoanza kupanda. Charali hadi mji wa Ilam ni takriban kilomita 80 za kona tupu. Gari za abiria husubiri zijae, kwa hiyo fika asubuhi. Njiani utapita Kanyam, penye mashamba ya chai pande zote mbili za barabara, halafu soko la Phikkal. Lala Phikkal usiku wa kwanza: njia ya kwenda Shree Antu kutazama jua likichomoza inaanzia hapo, na mbingu ikiwa safi utaona mlima Kanchenjunga, mita 8,586.

Novemba umechagua vizuri. Juni hadi Septemba udongo huporomoka na barabara hufungwa, na kalenda peke yake haitoshi: mwanzoni mwa Oktoba 2025, mvua za mwisho wa msimu ziliua watu zaidi ya 30 katika wilaya hiyo kwa maporomoko. Mvua kubwa ikinyesha usiku, usisafiri kesho yake asubuhi kabla ya kuwauliza madereva walioshuka.

Mchuma_Chai:
Chai ililetwa Ilam mwaka 1863 na Gajaraj Singh Thapa, na kiwanda kikafuata mwaka 1878. Mbegu ni ya Kichina, ile ya Darjeeling, na ukungu ni uleule. Tofauti kubwa na chai ya Kericho au Mufindi ni kiwandani. Kwetu jani hupitishwa kwenye mashine za CTC, likakatwa na kuraruliwa kuwa punje ndogo. Ilam jani huachwa zima: hunyaushwa kwa saa 12 hadi 18 mpaka lilegee kama kitambaa kibichi, husokotwa, huachwa lichachuke, kisha hukaushwa. Kilo moja ya chai inatokana na kilo 4 hadi 5 za majani mabichi.

Hapa mkulima mdogo ndipo anapoumia. Jani lililobanwa kwenye gunia kwa saa chache hupata joto na kuanza kugeuka jekundu kabla ya kufika kiwandani, na likishaanza hakuna fundi wa kulirudisha. Uliza kiwanda chochote kinakataa jani kwa sababu gani, jibu la kwanza litakuwa hilo.

Ukinunua Phikkal, mimina kidogo kiganjani. Unataka majani marefu yaliyosokotwa, vumbi liwe kidogo. Gramu 3 kwa kikombe, maji yaliyotoka kuchemka yapoe kidogo, dakika 3, bila maziwa. Ukiichemsha na maziwa harufu yote uliyoilipia inapotea. Kwa chai ya maziwa nunua CTC.

Bint_Viungo:
Iliki nyeusi si iliki yetu ya kawaida yenye umbo kubwa zaidi. Ni mmea mwingine wa ukoo uleule wa tangawizi. Punje yake ina urefu wa sentimita 2 hadi 3, ganda la mikunjo, harufu ya moshi na kafuri. Kwenye chai ya maziwa itakuharibia sufuria. Mahali pake ni nyama na biriani: punje 2 kwa kilo ya nyama, zipasue kidogo, zitoe kabla ya kupakua.

Kwa mwenye shamba Ilam, hii ni fedha kubwa. Hupandwa mabondeni penye unyevu, chini ya kivuli cha mti uitwao utis. Mti huo hurutubisha udongo kwa naitrojeni, na matawi yake ndiyo kuni za kukaushia. Matunda hayako juu. Yanakaa chini kabisa, yamejibana kwenye shina usawa wa udongo, kwa hiyo mvunaji hufanya kazi ameinama na kisu chembamba.

Ukaushaji ndio unaopanga bei. Tanuri la kienyeji, bhatti, ni kuta za mawe na udongo na kichanja juu yake. Moto uko chini, moshi unapita katikati ya punje kwa siku nzima au zaidi. Kuni zikiwa mbichi, ganda linakuwa jeusi kama mkaa. Moto ukizidi, punje zinapasuka. Tanuri lililoboreshwa hupitisha moshi kwenye bomba ili punje zipate joto peke yake, zikabaki na rangi ya maruni, na kwa kawaida hulipwa zaidi.

Balaa kubwa ni magonjwa mawili ya virusi: chirke, michirizi ya njano kwenye majani, na foorkey, vichipukizi vingi vifupi visivyozaa. Huenezwa na vidukari na kwa kugawana miche. Dawa hakuna, ni kung'oa shina zima, kulifukia, na kuleta miche safi.

Kununua: pasua moja. Mbegu zikiwa zinanata na tamu kidogo, ni ya msimu huu. Ukiitikisa ikalia kama kayamba, iache.

Kilima_Juu:
Ahsanteni sana. Na utamaduni je? Nasikia Walimbu, wenyeji wa huko mashariki, wana pombe ya ulezi.

Mchuma_Chai:
Tongba. Ulezi uliochachuka hujazwa kwenye chombo kirefu, maji ya moto yanamwagwa juu, unasubiri dakika 5, unanyonya kwa mrija wenye matundu madogo chini ili punje zisipite. Maji huongezwa mara 3 au 4. Wenye kujua ajon ya Wateso, Uganda, wataitambua mara moja, na ulezi wenyewe asili yake ni Afrika Mashariki. Usitikise chombo, mrija utaziba.

Tenga pia nusu siku kwa Mai Pokhari, kaskazini ya mji, kama mita 2,100 juu. Ni ziwa takatifu kwa Wahindu, Wabudha na Wakirati (wafuasi wa dini ya jadi ya Walimbu na jamaa zao), na limo katika orodha ya Ramsar, ya ardhioevu muhimu duniani, tangu 2008. Chukua sweta, na ukubaliane na dereva saa ya kurudi kabla hajaondoka.