Malaria hakuna ila homa haishuki, ni dengi?

Wakuu habari za saa hizi. Mdogo wangu yupo Ilala, homa kali tangu juzi, kichwa kinamgonga hasa nyuma ya macho na viungo vyote vinauma, tumepima malaria hamna kitu. Nimpe diklofenaki maumivu yapungue?

Jibu 1
Diklofenaki weka pembeni mkuu, na brufeni na aspirini pia, kama ni dengi kweli zinaongeza hatari ya kuvuja damu. Mpe panadol kwa dozi yake, maji ya kutosha, ORS, halafu mpeleke akapimwe dengi na picha nzima ya damu. Na homa ikishuka msishangilie mapema, hapo ndo pa kumwangalia: tumbo kuuma sana, kutapika mfululizo, fizi kutoa damu, kulegea, mkimbize hospitali hata kama ni usiku wa manane.

Jibu 2
Mchana pia alale kwenye neti, maana mbu wa dengi anauma mchana, na akimuuma mgonjwa anaenda kuwapa wengine humo ndani.

Jibu 3
Dar 2014 na 2019 ilituchapa kweli na bado watu wanaacha ndoo wazi. Kumwaga maji tu haitoshi jamani, mayai ya mbu hao yanaganda kwenye kuta za ndoo na yanakaa makavu miezi kadhaa yakisubiri maji, kwa hiyo sugua na brashi kila wiki, na yale matairi ya uani toeni.

Muuliza
Asante wakuu, tunatoka sasa hivi kwenda kupima.