Mjadala: Mtamba wa Aina Gani Anafaa Shamba Dogo la Mau Narok?

Muulizaji, Mau Narok
Nina ekari mbili na nusu, na ekari moja kati ya hizo ni ya viazi. Asubuhi za Januari umande huganda juu ya nyasi, na nepia niliyopanda iliungua majani yote. Nataka kununua mtamba mmoja mwenye mimba. Majirani wote wananiambia Friesian. Je, ndiye anayestahimili baridi?

Mfugaji, Molo
Kijana wangu, baridi isikutishe. Ng'ombe wa maziwa aliyekomaa, wa asili ya Ulaya, huona raha kwenye nyuzi 5 hadi 15, na kinachompunguzia maziwa ni joto linalopita nyuzi 25. Kwa hiyo Mau Narok inamfaa kuliko Kisumu. Anayeumizwa na baridi ni ndama aliyelala palipolowa, upepo ukimpiga. Wewe hesabu tumbo. Ng'ombe hula kila siku karibu asilimia 3 ya uzito wake, chakula kikipimwa kikiwa kikavu, na Friesian wa kilo 550 atataka zaidi ya kilo 16. Bila nepia utazitoa wapi? Nunua Ayrshire, ambaye kwao ni Uskoti na hujitafutia malisho vizuri. Jersey usimguse, yule ni mbuzi aliyenenepa.

Mfugaji, Njoro
Mzee wangu wa Molo, nilikuwa nakubaliana nawe hadi nilipofika kwenye huyo mbuzi. Mbuzi huyo amewalipia wanangu wawili karo, na sitanyamaza akitukanwa na mtu ambaye hajawahi kumkamua. Ana kilo 380, hivyo kwa hesabu yako mwenyewe anatosheka na kilo 11 au 12, na maziwa yake yana mafuta karibu asilimia 5, ilhali ya Friesian ni kama 3.5. Umemtetea Jersey kwa hesabu, kisha ukamfukuza kwa matusi.

Mfugaji, Kuresoi
Mama, hayo mafuta yanalipwa na nani? Chama chetu kinapima kilo, hakipimi mafuta. Ndama dume wa Jersey naye mchinjaji humtazama akapita. Tena aina hiyo hushikwa na homa ya maziwa, ule upungufu wa kalsiamu unaomwangusha ng'ombe aliyezaa, kuliko nyingine: wangu alizaa Jumamosi usiku, Jumapili asubuhi hakuweza kuinuka, na daktari niliyempigia simu alifika jioni nikiwa nimekwisha kuchimba shimo.

Mfugaji, Njoro
Pole sana, ndugu yangu, hasara hiyo ni chungu. Lakini ng'ombe huyo angedungwa kalsiamu mapema huenda angesimama siku iyo hiyo, kwa hiyo usimhukumu kwa saa ambazo daktari alikuwa njiani. Homa hiyo huwaangusha hata Friesian, hasa wanaotoa maziwa mengi. Kuhusu bei, mimi sipeleki yote chamani; wanaonunua mlangoni huona malai yenyewe.

Mfugaji, Molo
Neno la mbuzi nalirudisha, mama, na uniwie radhi. Hata hivyo si kila mlango una wanunuzi, na huko juu nyumba ziko mbalimbali. Ayrshire anampa mfugaji kilo za kutosha za kupeleka chamani, na mafuta yake yanakaribia asilimia 4.

Muulizaji, Mau Narok
Nawashukuru nyote, ingawa sasa swali langu ni jingine. Nikipunguza viazi kwa nusu ekari nikapanda oti, ile nafaka ya lishe inayostahimili baridi, kisha nikakausha akiba ya kiangazi, je, ninunue mtamba sasa au nisubiri mavuno?

Mfugaji, Njoro
Subiri, mwanangu. Uzipime hizo oti zikiwa kavu, ndipo uje tuzungumze kuhusu rangi ya ng'ombe.

Mfugaji, Kuresoi
Hapo sina ubishi. Ila nambari ya daktari uitafute leo.