Rodi za eleroni kupita kwenye ukuta wa presha: sili ya kuteleza au buti?

Kaboni_Mbichi:

Wakuu, habari zenu. Najenga ndege ya watu wanne, mwili na mabawa ni kaboni, na kebini yake ni ya presha. Imesanifiwa kwa tofauti ya presha ya 5 psi (pauni kwa inchi ya mraba) kati ya ndani na nje, sawa na ndege ya kujijengea ya Lancair IV-P. Mwili umeshafungwa, mabawa yanaingia na kutoka vizuri, viti bado. Mikono inafika kila kona, kwa hiyo nataka nimalize eleroni (vibawa vya nyuma ya bawa vinavyoilaza ndege kushoto au kulia) sasa kabla sijaziba chochote.

Mpangilio wangu uko hivi. Fimbo ya usukani ina mkono wa mm 75 chini yake. Hapo zinaanzia rodi mbili za aluminiamu zenye kipenyo cha mm 16, moja inakwenda kushoto, nyingine kulia. Kila moja inatoboa ukuta wa ubavuni wa kebini, inashika wenzo wa kona (unaogeuza mwelekeo wa mwendo) kwenye shina la bawa, halafu rodi nyingine ya karibu mita 2 inamalizia safari hadi kwenye eleroni.

Tatizo ni pale ukutani. Sili nilizopewa ni bushi ngumu za plastiki zenye oringi (pete za raba) mbili, na maelekezo yanasema zigandishwe kwenye ukuta. Nimezishikiza kwa muda tu ili nione. Bila sili, fimbo naisukuma kwa kidole kimoja inakwenda hadi mwisho. Nikiweka sili inabaki pale nilipoiachia, na nikitaka kuisogeza tena inagoma kwanza halafu inaruka. Na hapo ni chini, kwenye joto la karakana, presha haijawekwa. Huko juu itakuwaje?

Nina njia tatu kichwani: nizilegeze hizo sili, niweke buti za raba (mifuko inayokunjika, inayoivaa rodi na kushikwa ukutani), au niachane na rodi nitumie kebo. Nani amepita njia hii?

Rodi_na_Bushi:

Mkuu, hizo bushi usizigandishe kwanza.

Tazama mwendo wa rodi yako. Watu wengi huiona kama inakwenda na kurudi kwenye mstari mmoja, lakini mkono wa fimbo unazunguka, kwa hiyo ncha ya rodi inachora upinde. Mkono wa mm 75 ukilala nyuzi 20 unaisogeza rodi kama mm 26 pembeni, na papo hapo unaipandisha au kuishusha kama mm 4.5. Ukuta wako uko katikati ya njia, basi pale kwenye sili rodi inacheza juu na chini labda mm 2. Bushi ngumu iliyogandishwa haina mahali pa kuziweka hizo mm 2, kwa hiyo inaibana rodi kwa ubavu. Mgomo unaousikia sehemu kubwa unatoka hapo. Oringi unaweza kuzilegeza mpaka zichoke, bushi ikiwa haisogei bado rodi itabanwa.

Dawa ni sili inayoelea. Chukua diski ya Teflon au plastiki ngumu inayoteleza, toboa tundu la rodi katikati, halafu iweke kati ya bamba mbili zilizofungwa kwa skrubu kwenye ukuta. Bamba ziiache diski iteleze juu, chini na pembeni kama mm 4, ila isiweze kutoka nje. Presha ya kebini yenyewe ndiyo itakayoilaza diski kwenye bamba la nje na kuziba. Rodi ikipanda, diski inapanda nayo.

Tundu la diski usilibane. Hapa ndipo wajenzi wengi wanapotekwa na hamu ya kuziba kila kitu. Mwanya wa mm 0.05 kuzunguka rodi ya mm 16 ukiujumlisha wote ni mm² 2.5, yaani tundu la drili ambalo halifiki hata mm 2. Kebini ya presha si chupa. Injini inaingiza hewa muda wote na vali inaitoa muda wote, hivyo ndivyo kebini inavyopata hewa safi. Kinachovuja kwenye rodi ni hewa ambayo vali ingeitoa hata hivyo. Mimi nitakubali sili inayonong'ona hewa maisha yake yote, lakini sikubali hata siku moja sili inayoshika rodi ya eleroni.

Kipande cha rodi kinachopita kwenye diski kivalishe ala ya chuma cha pua iliyong'arishwa. Aluminiamu tupu ikisuguana inatoa unga wa kijivu, unga unakaa kwenye sili na kuila rodi yenyewe.

Buti sasa. Uzuri wake ni kwamba haisuguani wala haivuji. Ila piga hesabu. Rodi yako ya mm 16 inasukumwa nje kwa kama niutoni 7 tu ikiwa na sili ya kuteleza. Buti yenye eneo la kazi la kipenyo cha mm 60 inasukumwa kwa karibu niutoni 97, hiyo ni kilo 10 hivi. Kushoto na kulia zinavutana na kufutana pale kwenye fimbo, kwa hiyo huzisikii. Siku buti moja ikichanika, ile ya upande wa pili bado inasukuma. Kwa mkono wako wa mm 75, na fimbo ya sm 40 hadi kwenye kiganja, ghafla utabeba kama kilo 2 upande mmoja. Unaweza kuzishika, lakini wakati huohuo presha ya kebini inashuka na una barakoa ya kuvaa.

Ukiamua buti, fikiria pia inakaa upande gani. Ikiwa ndani ya kebini, presha inaikandamiza mpaka inaikumbatia rodi. Ikiwa nje inavimba, kwa hiyo iwe raba ya silikoni yenye kitambaa ndani yake, na iachiwe nafasi isiguse kitu ikiwa imevimba.

Kebo? Kwenye ndege ya kaboni siipendi. Katika ndege ya aluminiamu baridi inaupunguza mwili kuliko kebo ya chuma, kebo zinalegea. Kaboni karibu haisinyai kabisa, kebo ndiyo inayosinyaa, kwa hiyo inakaza kila unavyopanda. Ikishakaza, kila kapi linaongeza msuguano. Baki na rodi.

Hewa_Nyembamba:

Naongezea kwa upande wa kuruka, maana naendesha ya presha na eleroni zangu ni za rodi.

Kwanza barafu. Futi 24,000 kwa hali ya kawaida ni kama nyuzi 32 chini ya sifuri, na shina la bawa nje ya ukuta liko karibu na baridi hiyo. Hewa ya kebini ina unyevu wa pumzi za watu. Ikivuja kupitia sili, unyevu unaganda upande wa nje, palepale rodi inapotokea. Rafiki yangu ana tabia ambayo nimeiiga: akiwa juu kwa muda mrefu na otopailoti inafanya kazi, kila baada ya muda anaizima na kuilaza ndege kidogo kushoto na kulia kwa mkono, rodi isikae mahali pamoja. Mdomo wa nje wa diski uwe na ukingo mkali wa kukwangua, na chini yake pasiwe na kibonde cha kukusanya maji.

Pili, huo mgomo wa kuruka otopailoti haiuwezi. Injini ndogo ya otopailoti inasukuma, rodi haiendi, inasukuma zaidi, rodi inaruka na kupitiliza, inarudisha. Ndege inayumbayumba pole pole mwendo mzima na mtu anahangaika kubadilisha vipimo kwenye kompyuta, kumbe shida iko ukutani.

Tatu ni urefu wa rodi. Rodi ya aluminiamu ya mita 2 ikitoka nyuzi 20 za karakana hadi 32 chini ya sifuri inafupika kama mm 2.4, na bawa la kaboni linabaki na urefu wake. Kwa pembe ya eleroni yenye mkono wa mm 60, hizo ni zaidi ya nyuzi 2. Eleroni zote mbili zitainuka pamoja au zitashuka pamoja, inategemea rodi imeshika juu au chini ya bawaba. Jua mapema yako inakwenda wapi, na hakikisha kwamba hata baada ya kufupika huko eleroni inafika kwenye vizuizi vyake kabla wenzo wa kona haujagonga kitu kingine.

Mama_Resini:

Mdogo wangu Kaboni_Mbichi, mimi kazi yangu ni laminati (kugandisha safu za kaboni kwa resini), acha nikuambie ya upande huo.

Grisi ya silikoni usiifungue katika karakana hiyo mpaka gundi yako ya mwisho iwe imekauka. Inafaa sana kwa oringi za raba nyeusi, lakini ikigusa mahali utakapogandisha kitu, gundi haitashika, na hutaiona kwa macho. Msasa hauiondoi, unaisambaza. Inatembea kwa glavu, kwa kitambaa, hata kwa kitasa cha mlango. Mpaka siku hiyo jaribu sili zikiwa kavu.

Bamba za diski kama ni za aluminiamu zisikae moja kwa moja juu ya kaboni, unyevu ukiingia aluminiamu inaliwa. Laza safu moja ya faibaglasi kati yake, na ukitoboa tundu la skrubu hakikisha faibaglasi inazunguka mpaka pembeni. Na kama ukuta una kiini cha povu au sega la karatasi ndani, kiondoe eneo lote la bamba, jaza resini iliyochanganywa na nyuzi za pamba, ongeza safu za kaboni ndani na nje. Ukuta ukiachwa na kiini chepesi utapinda presha ikiingia, na diski itapinda nao.

Kaboni_Mbichi:

Shukrani sana, dada, na nyote wakuu. Nimetengeneza diski moja ya majaribio upande wa kulia, imeshikwa kwa klampu tu. Tofauti naisikia mkononi, ule mrukio haupo. Sasa swali: nitapimaje na presha ikiwamo? Mtu hawezi kukaa ndani.

Rodi_na_Bushi:

Asikae ndani mtu kabisa, na asisimame mbele ya mlango wala kioo. Kwa 5 psi mlango wa mita 1 kwa sm 60 unasukumwa kwa zaidi ya tani 2.

Pima kutokea nje kupitia eleroni yenyewe. Funga mizani ya springi kwenye ukingo wa nyuma wa eleroni, vuta taratibu, andika kilo zinazohitajika kuianzisha na zinazohitajika kuiendeleza. Fanya bila presha, kisha kwa 1 psi, 2.5 na 5, na usizidi kipimo alichoweka msanifu wa ndege. Kuianzisha kukizidi kuiendeleza kwa mbali, bado kuna mahali panapobana. Kilo zikipanda kadiri presha inavyopanda, diski inasukumwa mno kwenye bamba: punguza eneo lake au ng'arisha bamba.

Weka pia alama ya utepe kwenye eleroni na bawa, kisha ongeza presha bila kugusa kitu. Eleroni ikisogea yenyewe, mwili unavimba na kusukuma mahali wenzo wa kona uliposhikwa. Hilo nalo lina dawa, lakini ni la kulijua ukiwa chini.

Presha ipime kwa bomba la plastiki angavu lenye maji pamoja na geji: 5 psi ni nguzo ya maji ya mita 3.5, na maji hayakosei. Vali ya usalama iwepo, tofauti na ile ya kebini.

Jambo lingine nisilolifanyia mzaha. Mwaka 1974 DC-10 ya Turkish Airlines ilianguka karibu na Paris, watu 346 wakafa. Mlango wa mizigo ulifunguka angani, chini ya sakafu presha ikatoweka, juu ikabaki, sakafu ikaporomoka juu ya kebo za usukani. Wewe rodi zako zitapita chini ya viti na ndani ya boksi la katikati. Kila boksi la namna hiyo lipe matundu ya kutosha ya kupumulia, lisije likabeba presha peke yake na kukunjika juu ya rodi.

Ukifunga kwa mara ya mwisho: kila rodi endi (kichwa chenye beringi kwenye ncha ya rodi) iwe na washa pana kuliko mwili wake, ili beringi ikichomoka rodi isitoke kwenye bolti. Pale bolti inapozunguka, nati ya kujikaza yenyewe haifai hata kidogo, ni nati yenye meno na kotapini (kipini kinachopenya bolti ili nati isifunguke). Nati ya nailoni pia usiitumie hapo. Na ingiza waya mwembamba kwenye tundu la ukaguzi la rodi. Ukipenya, nyuzi za skrubu za rodi endi hazijaingia vya kutosha.

Hewa_Nyembamba:

Na kusawazisha uzito wa eleroni zenyewe kufanye baada ya rangi, mkuu. Rangi karibu yote iko nyuma ya bawaba, na kwa mwendo wa ndege hizi eleroni nzito nyuma inaanza kutetemeka kabla hujapata muda wa kupunguza kasi.

Kaboni_Mbichi:

Nimeelewa. Diski zinabaki, buti nimeziacha. Wiki hii naondoa povu kwenye ukuta wa kushoto na kulaza faibaglasi kama Mama_Resini alivyosema, grisi imefungiwa nje ya karakana. Vipimo vya mizani nitaviweka hapa presha ikishaingia.