Utabiri wa masika ukisema "wastani hadi juu ya wastani", nipande lini na nipande nini?

Mkulima wa Tambarare (Hai) anauliza:

Wakulima wenzangu, salaam. Nina shamba la ekari moja na nusu katika tambarare ya Hai, na nyuma ya nyumba nina bustani ndogo ya mchicha, sukuma wiki na nyanya. Shambani hakuna mfereji, kwa hiyo mahindi yangu yanategemea masika peke yake. Kila mwaka Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa mvua za Machi hadi Mei, nasi tunausikiliza redioni kwa makini, lakini baada ya hapo kila mtu hutoka na lake. Ikitajwa kwamba Nyanda za Juu Kaskazini Mashariki zitapata mvua za wastani hadi juu ya wastani, wapo majirani wanaonunua mbegu ya muda mrefu, yaani inayochelewa kukomaa, na kuifukia siku ileile rasharasha ya kwanza inapoanguka, na wapo wanaongoja hadi Aprili iingie. Naomba kueleweshwa: maneno hayo yana maana gani kwa shamba moja kama langu, na je, nikisikia kwamba kuna El Nino nihesabu kuwa masika itakuwa kubwa?

Bwana Shamba Mstaafu (Arusha) anajibu:

Ndugu yangu wa Hai, neno "wastani" katika utabiri ni pana kuliko linavyosikika. Mamlaka imekuwa ikilieleza kuwa ni mvua iliyo kati ya asilimia 75 na 125 ya kiwango cha muda mrefu cha eneo husika. Tuseme mahali fulani kwa kawaida hupata milimita 400 msimu mzima: basi milimita 300 ni wastani, na milimita 500 nayo ni wastani, ingawa kwa mahindi yaliyo kwenye udongo mwepesi tofauti ya milimita 200 ndiyo inayoamua kama utavuna magunia au mabua.

Jambo la pili ni kwamba utabiri wa msimu hutolewa kama uwezekano wa makundi matatu: juu ya wastani, wastani na chini ya wastani. Ukisikia, kwa mfano, asilimia 45 kwa kundi la kwanza, 35 kwa la pili na 20 kwa la tatu, maana yake ni kwamba katika misimu mitano inayofanana na huo, mmoja unaweza kuwa wa ukame bila utabiri kuwa umekosea. Tena jumla hiyo ni ya msimu wote na ya ukanda mpana, kwa hiyo haikuambii kama mvua itagawanyika vizuri. Nimeshuhudia misimu iliyohesabiwa kuwa mizuri kwenye karatasi, kumbe nusu ya maji yalishuka kwa siku chache na kuondoka na udongo wa juu.

Kuhusu El Nino, yaani maji ya Bahari ya Pasifiki yanapopata joto kuliko kawaida, usiihusishe na masika kwa haraka. Uhusiano wake ulio imara zaidi kwetu ni na vuli, yaani Oktoba hadi Desemba, hasa inapoambatana na joto kubwa la maji magharibi mwa Bahari ya Hindi. Masika ni ngumu zaidi kutabiri miezi kadhaa kabla, kwa sababu mvua yake huja kwa vipindi vinavyochangiwa na mawimbi ya hali ya hewa yanayoizunguka dunia kwenye ukanda wa joto kwa muda wa siku 30 hadi 60. Ndiyo maana ninasisitiza kwamba utabiri wa msimu ukusaidie kuchagua mbegu na kupanga bajeti, ilhali siku ya kupanda uiamue kwa taarifa ya siku kumi na kwa udongo wako mwenyewe.

Mlima Mahindi (Korogwe) anajibu:

Naunga mkono, na ninaongeza la shambani. Wataalamu wa kanda hii hutumia kipimo hiki kutambua kuanza kwa mvua: angalau milimita 20 ndani ya siku tatu, kisha kusitokee ukavu wa zaidi ya siku saba mfululizo katika wiki tatu zinazofuata. Sehemu ya pili huwezi kuijua siku hiyo, na ndipo utabiri wa muda mfupi unapokufaa. Sehemu ya kwanza unaweza kuipima mwenyewe kwa kopo la bati lenye pande zilizonyooka, lililowekwa mahali pa wazi mbali na miti na mapaa. Asubuhi unaingiza rula na kusoma kina cha maji. Milimita moja ni sawa na lita moja katika kila mita ya mraba, hivyo rasharasha ya milimita nne inayowafanya watu wakimbilie majembe haijafika hata kwenye mbegu iliyofukiwa vizuri. Baada ya kupima, chimba kina cha kiganja na vidole vyake, chukua udongo wa chini, uufinye: ukishikana bila kuchuruzika maji, panda, ukimeguka kama unga, subiri.

Mimi huligawa shamba. Sehemu kubwa huipanda mvua za kupandia zinapothibitika, kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 60, mimea miwili kwa shimo, na kwa mbegu inayokomaa mapema kama Situka au TMV-1. Sehemu inayobaki huiacha kwa kunde au choroko, ambazo hata zikichelewa zitawahi kukomaa kabla unyevu haujaisha. Mbegu ya muda mrefu katika tambarare isiyo na mfereji siishauri hata utabiri uwe mzuri kiasi gani, kwa kuwa mvua ikikatika mapema Mei mahindi hayo yatakuwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele.

Mkaazi wa Pwani (Pangani) anajibu:

Huku wazee hawangoji redio. Kaskazi ikilegea na upepo ukawa hauna mwelekeo, wakati tunaouita tangambili, tunajua masika i karibu, na kusi ikishika mvua inakuwa imeshaingia. Sidhani kwamba dalili hiyo inapingana na utabiri.

Bwana Shamba Mstaafu anajibu:

Haipingani hata kidogo, ndugu wa Pangani, kwani ukanda wa mvua hupita juu yetu kuelekea kaskazini wakati uleule pepo zinapobadilishana. Tatizo ni miaka ambayo kimbunga huingilia kati. Machi 2019 kimbunga Idai kilipokuwa katika Mfereji wa Msumbiji, mikondo ya unyevu ilivutwa kusini na masika ikachelewa katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Mei 2024, kinyume chake, kimbunga Hidaya kilifika hadi karibu na Mafia na kuleta mvua kubwa na upepo mkali. Upepo wa tangambili haukuambii habari za namna hiyo. Tahadhari za kila siku hukuambia.

Mama Bustani (Kigamboni) anajibu:

Kwa bustani, kaka yangu, utabiri wa mvua nyingi si habari njema moja kwa moja. Nyanya zikilowa majani siku nzima katika hali ya ubaridi hushambuliwa na bakajani, ugonjwa wa ukungu, na mizizi ikisimama majini huleta mnyauko. Mimi huinua matuta kwa sentimita 20 hadi 30, huchimba mfereji wa kutoa maji kabla ya Machi, husimika vigingi mapema, na huondoa majani ya chini yanayogusa udongo. Dawa ya kuzuia ukungu hupigwa kabla ya mvua na wakati majani yamekauka; ukingoja hadi madoa yaonekane, umechelewa. Katika kilele cha masika ninapendelea bamia na matembele, na mbegu za nyanya huzisia kitaluni mwishoni mwa Aprili chini ya kichanja, ili miche ihamishwe Juni mvua zinapopungua. Mchicha nao usiutie mbegu siku inayotarajiwa mvua kubwa, kwa sababu mbegu zake ni ndogo na zitasombwa zote hadi ukingoni.

Mkulima wa Tambarare anauliza:

Ahsanteni sana. Nitaligawa shamba kama alivyoeleza ndugu wa Korogwe. Je, mbolea ya kukuzia niiweke lini ikiwa taarifa ya siku kumi inaonyesha mvua kubwa?

Mlima Mahindi anajibu:

Usiiweke kabla ya mvua hiyo, kwa sababu naitrojeni itazama chini ya mizizi au itatiririka na maji. Subiri ipite, udongo ubaki na unyevu bila kutuama, palilia kwanza, kisha weka urea pembeni mwa shina na uifukie. Mahindi yakiwa yamefika magotini ndio wakati wake. Kama udongo wako ni wa kichanga, igawe mara mbili: nusu wakati huo, na nusu kabla mahindi hayajatoa mbelewele.