Naomba ushauri: kunakili patisheni ya rikava iliyofichwa kabla ya kubadilisha diski

Wakuu, habari zenu. Laptop yangu ni ya Windows 10, diski ya kawaida ya GB 500 yenye mfumo wa GPT (mpangilio wa patisheni kwenye diski), nataka kuihamishia SSD ya GB 240. Patisheni ya rikava (Recovery, sehemu ya diski ya kurejesha mfumo) ndiyo yenye Windows ya kiwandani na draiva zake za vifaa, kwa hiyo sitaki kabisa kuipoteza.

Kwenye diskpart, programu ya amri ya Windows ya kusimamia diski (select disk 0, list partition), zinaonekana mbili za aina ya Recovery: MB 990 na GB 13. Amri ya reagentc /info inaonyesha ile ndogo, yaani hiyo ina Winre.wim tu, faili la zana za kurekebishia Windows. Ya GB 13 naichukulia ndiyo ya kiwandani. Nikiipa herufi kwa assign letter=R inafunguka; baadaye naondoa kwa remove letter=R isije ikajazwa mafaili.

Kukopi mafaili peke yake hakutoshi. Kitambulisho cha aina ya patisheni hakihami, wala sifa ya 0x8000000000000001 inayoificha, na Windows itaiona kama draivu ya kawaida.

Nafikiria Clonezilla (programu ya kunakili diski), kwa chaguo la saveparts la kuhifadhi patisheni, kwenda diski ya nje. Tatizo ni kurudisha: chaguo la restoreparts linataka patisheni lengwa iwepo tayari, isiwe ndogo kuliko ya awali.

Je, niitengeneze kwanza kwenye SSD, nirudishe, kisha kwa diskpart niweke kitambulisho cha Recovery kwa set id=de94bba4-06d1-4d40-a16a-bfd50179d6ac na ile sifa kwa gpt attributes? Na kitufe cha rikava wakati wa kuwasha kitaitambua ikiwa namba ya patisheni imebadilika? Aliyewahi kufanya hivi anielekeze tafadhali.