Barua za "umeingilia hataza yetu" zisizo na namba wala maelezo: serikali iweke kanuni, tunaumia!

Wakuu, naandika hapa nina hasira hata kula sijala.

Mimi fundi, niko mtaa wa Gerezani hapa Dar, natengeneza mashine za kupukuchua mahindi, nina vijana wanne. Wiki iliyopita mama anayeniuzia mashine kwenye fremu yake Kariakoo kanipigia anatetemeka, kaletewa barua ya wakili kurasa mbili, eti anauza bidhaa iliyoingilia hataza (haki ya kisheria ya aliyebuni kitu, wengine wasikitengeneze wala kukiuza bila ruhusa yake) ya mteja wao, aache mara moja na alipe fidia ndani ya siku 7 la sivyo mahakamani. Hataza gani? Namba hakuna. Mwenye nayo nani? Ni "mteja wetu" mwanzo mwisho. Nimeiga nini, shafti, feni, chekeche? Kimya!

Na mimi niliyeitengeneza sijaandikiwa hata mstari mmoja, kaandikiwa muuzaji ambaye hajui ndani ya mashine kuna nini, maana wanajua huyo ndo ataogopa. Kaogopa kweli, mashine 6 nimezirudisha na guta siku hiyohiyo. Simlaumu, ana watoto wa kusomesha.

Nimepiga ofisi ya huyo wakili mara tatu ndo kijana mmoja akanitajia namba inayoanza na US. Jamani! Hataza ya Marekani inalinda Marekani, huku kwetu mpaka iwe imesajiliwa BRELA (wakala wa serikali wa usajili) au imepitia ARIPO (shirika la nchi za Afrika linalosajili hataza) na Tanzania imetajwa humo.

Huko huko Marekani jimbo la Vermont walitunga sheria 2013, mahakama ikipima kama barua ina nia mbaya inaangalia hayahaya ninayoyalilia, namba ya hataza, jina na anwani ya mwenye nayo, na bidhaa imeingilia vipi. Uingereza nao wana sheria ya 2017, ukimtisha muuzaji bila msingi hata mtengenezaji aliyepata hasara anaweza kukushtaki wewe.

Sipingi hataza, mtu akibuni kitu alindwe, mimi mwenyewe kuna chekeche nimeibuni nataka kuisajili. Ila Wizara ya Viwanda na Biashara itoe kanuni, barua isiyo na hivyo vitu vitatu ihesabike si barua na aliyeituma alipe hasara.

Kesho saa 3 asubuhi naenda BRELA na nakala ya barua, kama kuna fundi mwenzangu wa Gerezani au Buguruni wateja wake wameletewa kama hii aje nayo tuingie pamoja.